Chumvi ya Mikindani na kihisi cha gesi ya mkaa

Ukitaja "gesi" hapa Mtwara, mtu anafikiria Mnazi Bay na mtambo wa Madimba. Ninayohangaika nayo mimi inatoka kwenye jiko la mkaa lililoingizwa chumbani usiku wa mvua: monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu. Nataka kengele yake ikae ukutani mwaka mzima kwa betri mbili ndogo, maana nyumba zinazoihitaji zaidi ndizo zisizo na umeme wa uhakika.

Vihisi vya bei nafuu vina hita ndani na hula takriban miliampea 150. Betri ya miliampea-saa 2000 haimalizi hata siku. Nikahamia kihisi cha kikemia: gesi ikifika kwenye elektrodi inaoksidishwa, na mkondo wa umeme unapita. Shida ni udogo wa mkondo huo. Changu hutoa kama nanoampea 2 kwa kila sehemu moja ya gesi katika milioni ya hewa. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani (WHO) kwa saa moja ni takriban sehemu 30, yaani nanoampea 60 tu. Rizista ya megaohmu 1 kwenye amplifaya (kikuza ishara) inazigeuza kuwa milivolti 60, na hapo kichakata kinaweza kusoma.

Amplifaya ninayotumia, MCP6041, inakula nanoampea 600 hivi, kwa hiyo siizimi kamwe. Nawaomba wenzangu msiizime kwa tamaa ya kuokoa betri. Elektrodi zikiachwa zinaning'inia hujikusanyia chaji, na ukiwasha tena utasubiri muda mrefu zitulie. Wakati huo kengele ni pambo. Kinacholala ni kichakata.

Bodi ya kwanza ilifanya kazi vizuri mezani. Nikaifunga kwenye nyumba moja Mikindani, hatua chache kutoka baharini. Wiki chache baadaye nikaweka mkaa unaowaka karibu yake, ikasoma pungufu kabisa. Kihisi kilikuwa kizima. Niliposugua bodi kwa spiriti na mswaki laini, usomaji ukarudi. (Toeni kihisi kwanza, mvuke wa spiriti nao hukitibua.)

Chumvi na unyevu vilikuwa vimechora njia kati ya mguu wa betri na mguu wa kuingilia wa amplifaya. Tuseme njia hiyo ina megaohmu 100 na tofauti ya volti ni 2: zinapita nanoampea 20, sawa na sehemu 10 za gesi. Kilichonitisha ni upande unakokwenda mkondo huo. Kihisi cha gesi hii hunyonya mkondo kupitia rizista. Uvujaji kutoka chanya ya betri unakilisha mkondo uleule kwa mlango wa nyuma, na kipimo kinashuka. Gesi ipo, kengele imenyamaza, na ndani kuna watoto wamelala.

Sasa nauzungushia mguu huo wa kuingilia pete ya shaba yenye volti sawa na yake. Pasipo tofauti ya volti hakuna kinachovuja. Chumvi inaishia kwenye pete. Kisha bodi nzima, isipokuwa kihisi, inapakwa vanishi ya akriliki. Pia nimeinua sifuri ya sakiti juu kidogo ya hasi ya betri, ili programu ione kipimo kikizama chini ya sifuri. Kikizama, inatoa milio mitatu mifupi, tofauti na ule wa gesi, na mwenye nyumba ananipigia simu.