Kifua cha mwanariadha kijana katika baridi ya Juni

Mashindano ya UMITASHUMTA na UMISSETA, yaani michezo ya shule za msingi na za sekondari Tanzania, yanapokaribia, walimu wa michezo wa Mbeya na Iringa huniuliza wajaze nini kwenye sanduku la huduma ya kwanza. Masanduku wanayonionyesha huwa na bandeji, pamba na dawa ya kupuliza misuli, ilhali cha kumsaidia mtoto aliyebanwa kifua hakimo. Kwa maoni yangu, katika nyanda hizi ugonjwa unastahili maandalizi sawasawa na jeraha.

Kwenye theluji hili limeshahesabiwa. Michezo ya kwanza ya Olimpiki ya Majira ya Baridi kwa Vijana ilifanyika Innsbruck, Austria, Januari 2012, ikiwa na wanamichezo 1,021 wa rika la wanafunzi wetu wa sekondari. Yaliandikwa majeraha 111 na magonjwa 86, na zaidi ya nusu ya magonjwa hayo yalikuwa ya njia ya hewa. Sisi hatuna watoto wanaoruka angani na mbao za theluji, lakini hewa baridi na kavu tunayo, hasa Juni na Julai, mvua zikiwa zimekwisha, viwanja vimejaa vumbi, na alfajiri za Makete umande umeganda majanini.

Mtu aliyetulia huvuta hewa kwa pua, nayo hupata joto na unyevu kabla ya kufika mapafuni. Anayekimbia mita 1,500 hupumua kwa mdomo, tena hewa nyingi mno, hivyo kazi hiyo huziangukia njia za ndani, ambazo kuta zake hukauka na misuli inayozizunguka hukaza. Wasichokijua wengi ni wakati wenyewe: kubanwa huko hufikia kilele kati ya dakika 5 na 15 baada ya mtoto kusimama, wakati kocha ameshageukia mbio zinazofuata. Anayekohoa mfululizo nyuma ya hema huambiwa hana mazoezi ya kutosha, kumbe huenda ana pumu inayochochewa na mazoezi, hali inayowapata sana hata wateleza kwa ski wa masafa marefu, watu ambao hakuna awezaye kuwaita wavivu.

Kupasha mwili moto kwa mbio fupi za kasi zenye mapumziko katikati huwasaidia baadhi yao kuliko kuzunguka uwanja polepole, na skafu mdomoni wakati wa kusubiri zamu husaidia pia. Aliyeandikiwa pampu ya salbutamol, dawa ya kufungua njia za hewa, aivute takriban dakika 15 kabla ya mbio, kama alivyoelekezwa na daktari wake. Wapo walimu wanaoificha wakihofia mtoto ataondolewa mashindanoni, hofu isiyo na msingi, kwa kuwa kanuni za kimataifa za dawa zilizokatazwa michezoni huruhusu ivutwe hadi mikrogramu 1,600 kwa saa 24, isizidi 600 katika saa 8 zozote, na mpulizo mmoja kwa kawaida una 100. Waratibu nao wangeweza kusogeza mbio ndefu kutoka saa moja asubuhi hadi saa nne, jua likiwa limepanda. Sijaona gharama yake.

Usiku, wachezaji hulala wamebanana madarasani, madirisha yamefungwa kwa baridi, na mafua ya mmoja huwa ya chumba kizima. Mwenye mafua mepesi bila homa anaweza kucheza. Mwenye homa na maumivu ya mwili asicheze, kwa sababu virusi vinaweza kushambulia misuli ya moyo, na apimwe malaria bila kuchelewa, hasa akitoka Kyela au Mbarali, wilaya za mabondeni zenye joto. Asipewe aspirini, ambayo kwa watoto wenye maambukizi ya virusi inaweza kuleta ugonjwa wa hatari wa ini na ubongo.

Kuhusu majeraha, nitasema mawili tu. Kijana anayekua ana gegedu laini karibu na ncha za mifupa, mahali mfupa unaporefukia, na mara nyingi gegedu hilo huachia kabla ya kano. Kwa hiyo kifundo kinachodhaniwa kuteguka kisivutwe wala kukandwa. Kifungwe kwa kigango, na mtoto apelekwe kupigwa eksirei. Aliyegongwa kichwa akawa na kizunguzungu, kichefuchefu au kusahau matokeo ya mchezo asirudi uwanjani siku hiyo, hata akisisitiza kwamba yu mzima.