Stenlesi haishiki kutu, lakini hupasuka

Mwishoni mwa 2021 shirika la umeme la Ufaransa, EDF, lilijikuta limezima vinu vyake vinne vya nyuklia vikubwa kuliko vyote: viwili vya Civaux na viwili vya Chooz. Ukaguzi wa miaka kumi wa Civaux 1 ulikuwa umefichua nyufa kwenye mabomba ya stenlesi, karibu na sehemu zilizochomelewa. Maneno yakawa mengi tangu hapo, na mengi hayana mguu wa kusimamia.

"Stenlesi haishiki kutu, kwa hiyo haiharibiki"

Nusu ya kwanza ina ukweli wake. Kromiamu iliyomo ndani ya chuma hicho huungana na oksijeni na kufanya utando mwembamba mno juu yake. Ukikwaruzwa, hujirudisha wenyewe. Ila nyufa tunazozungumzia haziisubiri ile kutu nyekundu. Zinataka mambo matatu yakutane: chuma cha aina inayodhurika, maji au hewa yenye kemia ya kukidhuru, na mkazo unaokivuta bila kukiachia. Yakikutana, ufa hupenya taratibu ndani ya ukuta wa bomba, na mtu anayelitazama kwa nje haoni kitu.

Wala si jambo la nyuklia peke yake. Mwaka 1985, mjini Uster, Uswisi, dari ya zege ya bwawa la kuogelea la ndani iliporomoka na kuua watu 12. Vyuma vilivyoishikilia dari hiyo vilikuwa vya stenlesi, na kloraidi zilizotokana na klorini ya bwawa ndizo zilizovipasua.

"Tatizo hili lilimalizwa zamani"

Hii ni dhana ya wanaojua kidogo, nayo ndiyo iliyowaponza hata wataalamu. Miaka ya 1970 na 1980 vinu vinavyochemsha maji ndani ya kinu chenyewe, Marekani na kwingineko, vilipata nyufa nyingi kwenye mabomba. Chanzo kilijulikana: moto wa kuchomelea uliifanya kaboni inyang'anye kromiamu kwenye mipaka ya punje za chuma, na maji yenye oksijeni yakapita hapo hapo. Dawa ikawa stenlesi yenye kaboni kidogo, pamoja na kutia hidrojeni kwenye maji ili kupunguza oksijeni.

Sasa, vinu vya Ufaransa ni vya maji yenye shinikizo, yaani maji yanayobanwa yasichemke. Mabomba yake yana kaboni kidogo, maji yake yana hidrojeni, na oksijeni karibu haimo. Kwa hesabu ya vitabuni, vilikuwa salama. Kumbe mkazo ukiwa mkubwa vya kutosha, na chuma kikiwa kimekazika kando ya kiungo wakati wa kuchomelewa, ufa unaweza kuanza hata ndani ya maji safi namna hiyo.

"Ni uzee wa vinu"

Nadhani hii ndiyo iliyorudiwa kuliko zote, na ndiyo iliyo mbali zaidi na ukweli. Civaux na Chooz ndivyo vilivyokuwa vinu vichanga kuliko vyote vya Ufaransa. Viliunganishwa na gridi kati ya 1996 na 1999. Vile 32 vya megawati 900, ambavyo vingi ni vya mwishoni mwa miaka ya 1970 na miaka ya 1980, havikuguswa sana.

Tofauti ilikuwa katika namna mabomba yalivyopitishwa. Chukua bomba la kuingiza maji ya dharura kwenye kinu. Siku zote maji yake yametulia, yanangoja ajali ambayo huenda isitokee kamwe. Upande mmoja limeungana na mzunguko mkuu, ambamo maji yanapita yakiwa na joto la nyuzi 300 hivi. Bomba likilala mlalo mrefu na kukunjwa mahali pabaya, maji ya moto hukaa juu na ya baridi chini. Upande wa juu hutanuka kuliko wa chini, bomba hutaka kupinda, na mkazo unaangukia kwenye viungo. Vinu vya zamani vina njia fupi na rahisi zaidi. Waliochora vinu vipya walidhani wameboresha.

"Basi ni mchoro tu, welda hana lake"

Hapana. Baada ya mchoro kulaumiwa, mnamo Machi 2023, ilitangazwa kwamba kinu cha Penly 1 kina ufa kwenye bomba ambalo EDF ililihesabu kuwa si la hatari kwa umbo lake. Ufa ulikuwa na urefu wa milimita 155, karibu robo ya mzingo, na ulikuwa umezama milimita 23 katika ukuta wa milimita 27. Kiungo kile kilikuwa kimerekebishwa mara mbili wakati wa ujenzi, na kila marekebisho huacha mkazo wake ndani ya chuma. Tukio likawekwa daraja la 2 katika kipimo cha kimataifa cha matukio ya nyuklia kinachoishia 7.

"Altrasaundi ingeona mapema"

Punje za kiungo cha stenlesi ni kubwa na hutawanya mawimbi ya sauti ambayo altrasaundi huyatumia kutafuta ufa. Tena kipimo kilichotumika kililenga nyufa za aina nyingine, zinazotokana na uchovu wa joto, yaani chuma kuchoka kwa kupashwa na kupoa mara kwa mara. Kwa hiyo mwanzoni ilibidi vipande vikatwe na kupelekwa maabara, hadi kipimo bora kilipotengenezwa.

"Ufa maana yake mlipuko"

Kinu si bomu, na njia za maji ya dharura ni zaidi ya moja. Hasara iliyoonekana ni ya umeme: katikati ya 2022 vinu 12 kati ya 56 vilikuwa vimezimwa kwa sababu ya nyufa hizi. Mwaka huo EDF ilizalisha terawati-saa 279 tu za nyuklia, kiwango cha chini kuliko vyote kwa zaidi ya miaka 30, na Ufaransa ikanunua umeme mwingi nje kuliko ilivyouza. Welda wakaagizwa kutoka Marekani na Kanada.

"Ni mambo ya Ulaya"

Kituo cha nyuklia cha Koeberg, kaskazini mwa Cape Town, Afrika Kusini, kiko ufukweni mwa Atlantiki. Huko nyufa zilianzia upande wa nje: chumvi ya upepo wa bahari, ambayo nayo ni kloraidi, ilitua kwenye matangi makubwa ya maji na mabomba ya stenlesi, na matangi yakaishia kubadilishwa. Kenya ilipoitaja Uyombo, Kilifi, kuwa mahali pa kujenga kinu, watu walibishana zaidi kuhusu uvuvi, utalii na ardhi. Upepo wa Uyombo nao una chumvi.