Joto la mwili kupanda si lazima iwe homa

Minara ya simu ikizungumzwa, hakosi mtu wa kusema mawimbi yale "yanawapa wanyama homa". Ubishi wa minara tuuache kwanza. Homa hapo si mahali pake.

Mawimbi ya minara ni ya aina ya maikrowevu, nayo yakipenya mwilini hutikisa molekuli, hasa za maji, na mtikiso huo hugeuka joto. Kinachopimwa ni wati ngapi zimefyonzwa na kila kilo ya mwili. Basi.

Homa ni habari nyingine kabisa. Ubongoni iko hipothalamasi, inayoamua mwili uwe na joto kiasi gani. Vijidudu vikiingia, kiwango hicho hupandishwa na mwili wenyewe huanza kulisaka joto. Ndiyo maana mgonjwa mwenye nyuzi 39 hutetemeka na kuomba blanketi. Hata mjusi hufanya hivyo. Miaka ya 1970 huko Marekani, Matthew Kluger na wenzake waliwaambukiza bakteria mijusi wa jangwani, nao wakahamia penye joto zaidi. Walionyimwa joto hilo walikufa kwa wingi.

Mnyama aliyepashwa na maikrowevu hukimbilia upande wa pili. Eleanor Adair, katika maabara ya John B. Pierce mjini New Haven, aliwafunza tumbili wadogo wa Amerika Kusini kujichagulia joto la hewa. Mawimbi yalipozidi, walichagua hewa ya baridi zaidi, na joto la ndani ya mwili likabaki karibu palepale. Kiwango chao hakikupanda, walikuwa wanakilinda.

Panya na tumbili wengine, waliofunzwa kubonyeza wenzo wapate chakula, waliacha kazi ufyonzaji ulipokaribia wati 4 kwa kilo, joto la mwili likiwa limepanda kama nyuzi 1. Watunga viwango vya usalama wa mawimbi wakaigawa 4 kwa 50, raia wa kawaida akawekewa kikomo cha wati 0.08 kwa kilo. (Kwamba usalama wetu ulipimwa kwa mgomo wa panya, hilo hunifurahisha.)

Parasetamo hushusha homa kwa kuirudisha hipothalamasi kwenye kiwango chake cha kawaida. Aliyezidiwa na joto, liwe la mawimbi au la jua la saa saba, kiwango chake hakijahama, kwa hiyo dawa hiyo haina cha kurudisha. Huyo hupozwa kwa maji na kivuli. Anayetaka kuyalaumu mawimbi, basi, na aseme yanapandisha joto la mwili, kisha atutajie ni wati ngapi kwa kilo.