Je, kupuliza kaseti ya gemu ndiko kunakoifanya isome?
Wengi waliokua na gemu za kaseti wanaamini kwamba kaseti ikigoma, ukiipuliza kwa mdomo vumbi hutoka na picha hurudi. Imani hii haikutoka hewani: mara nyingi picha hurudi kweli.

Kinachosaidia hasa ni kule kuchomoa na kuchomeka upya. Kaseti za miaka ya 1980, kama zile za pini 60, zinataka kila pini ishikane na jino lake ndani ya soketi. Chache zisiposhika, skrini inabaki tupu au inajaa michirizi. Ukichomeka tena, msuguano hukwangua uchafu na mguso hupata sehemu mpya. Mate, kwa upande wake, huacha unyevu, na unyevu huotesha kutu ya kijani polepole.

Jaribu mwenyewe: zima mashine, chomoa, rudisha bila kupuliza, mara tatu nne hivi. Ikigoma bado, lowesha kidogo pamba ya masikio kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, sugua pini pande zote mbili hadi pamba itoke safi, kisha subiri dakika 10 ikauke. Msasa achana nao kabisa. Unaondoa tabaka jembamba linalokinga shaba. Kaseti kadhaa safi zikigoma zote, shuku soketi: meno yake hulegea kwa miaka.