Kukosa Semina ya Mtandaoni Si Kuikosa Elimu Yake

Wafanyabiashara wengi wa Tanga, hasa mawakala wa forodha na wauzaji wa mkonge nje ya nchi, huamini kwamba hakuna haja ya kujiandikisha kwa semina ya mtandaoni ikiwa saa yake itawakuta bandarini. Dhana hiyo si sahihi, kwani waandaaji wengi huirekodi na kuwatumia waliojiandikisha kiungo cha kuitazama baadaye. Anayehudhuria hupata zaidi nafasi ya kuuliza, na swali lenye faida ni mahususi: kwa mfano, mnunuzi wa Hamburg hudai nyaraka gani kwa shehena ya singa za mkonge.

Wanaotaka kuhudhuria wachunge saa. Semina ya saa 8 mchana London huwa saa 11 jioni Tanga wakati wa baridi, lakini huwa saa 10 kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Oktoba, kwa kuwa Waingereza husogeza saa zao mbele.

Kuhusu zile za bure zinazoandaliwa na wauza programu, nyingi ni mauzo yaliyovikwa joho la mafunzo. Namba ya simu unayojaza kwenye fomu ndiyo malipo yenyewe.