Kabla Hujalipia Mashine ya Leza ya Nyumbani: Soma Daraja Kwanza, Wati Baadaye

Kwa miezi kadhaa sasa dawati letu la ukaguzi wa mashine limekuwa likipokea malalamiko yanayofanana kutoka kwa watu wasiofahamiana: mwanafunzi wa usanifu majengo, mama anayetengeneza zawadi za harusi, seremala anayetaka kuweka nakshi kwenye milango, mwalimu mstaafu anayependa kuchora majina kwenye vifuu na vibuyu. Wote wamenunua mtandaoni mashine ndogo ya leza ya kukata na kuchora. Mmoja mzigo wake umezuiliwa bandarini. Mwingine ameupata, lakini mashine haikati akriliki (plastiki ngumu inayofanana na kioo) aliyoinunulia. Wa tatu anauliza kama kichwa kinachomuuma kila anapokata rexini kinahusiana na mashine. Kinahusiana, na nitaeleza sababu.

Makala haya ni kwa ambaye bado hajalipia. Hatupendekezi chapa yoyote, na muuzaji akikuambia kwamba ofisi ya umma imeidhinisha mashine yake, mwombe barua yenye kumbukumbu namba.

Jambo la kwanza kusoma ni kibandiko cha usalama, si bei wala wati. Mtengenezaji anayefuata kiwango cha kimataifa cha IEC 60825-1 hubandika kibandiko kinachotaja vitu vitatu: daraja la leza, urefu wa wimbi la mwanga kwa nanomita (sehemu za bilioni za mita), na nguvu ya juu kabisa ya mwali. Madaraja huanzia 1 hadi 4, na namba ikipanda hatari inazidi. Kalamu ya leza ya daraja la 2, ile ya kuonyeshea ubaoni, haizidi miliwati 1, na inavumilika kwa sababu jicho hupepesa ndani ya robo ya sekunde. Mwali unaoendelea wenye nguvu inayozidi nusu wati ni daraja la 4. Leza ya bluu ya wati 5, ambayo ndiyo ndogo kuliko nyingi zinazouzwa kwa wapenzi wa ufundi, ina nguvu mara 5,000 ya kikomo cha kalamu hiyo. Katika daraja la 4 hatari haipo kwenye mwali wa moja kwa moja tu. Hata mwanga unaotawanyika kutoka juu ya mbao unaweza kudhuru jicho lililo karibu.

Mashine yenye leza hiyo hiyo, ikiwa imefungiwa ndani ya kasha lisilopitisha mwali, lenye swichi inayokata mwali mara mfuniko unapoinuliwa, inaweza kuhesabiwa daraja la 1. Hapo ndipo uchaguzi wenyewe ulipo. Mashine ya fremu wazi ni nafuu, nyepesi, na hukubali ubao mkubwa. Mashine ya kasha ni ghali zaidi na eneo lake la kazi lina mipaka. Kwa anayefanyia kazi sebuleni, au kwenye nyumba yenye watoto, ushauri wetu ni mmoja: daraja la 1. Kama huwezi kulimudu leo, subiri, au tafuta chumba chenye mlango unaofungwa kwa ufunguo na dirisha lililozibwa, ambamo hakuna mtu anayeingia kazi ikiendelea. Ile ngao ndogo ya plastiki ya rangi ya chungwa inayozunguka kichwa cha leza humpunguzia mwangaza mtu anayetazama kupitia ngao yenyewe. Mtoto anayechungulia kwa chini ya ngao hakingwi na chochote.

Nieleze pia alama mbili zinazotupotezea muda mwingi kaunta. Alama ya CE, kwa mashine nyingi za aina hii, ni tamko la mtengenezaji mwenyewe kwamba amefuata masharti ya Ulaya. Si ushahidi kwamba kuna mtu mwingine aliyeipima. Na maandishi ya FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, kwenye boksi hayamaanishi kwamba Marekani imeidhinisha mashine hiyo. Mamlaka hiyo hupokea taarifa za watengenezaji wa bidhaa za leza na kuzipa namba, lakini haiidhinishi bidhaa za leza. Tunaomba wananchi waache kutuletea picha ya nembo hizo kama hoja ya kuachiwa mzigo.

Sasa wati. Matangazo huandika "40W" kwa herufi kubwa, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, unakuta nguvu ya mwali ni wati 5. Ile 40 ni umeme ambao mashine inakula. Inayokata ni ile 5. Muulize muuzaji kwa maandishi: nguvu ya mwanga unaotoka ni wati ngapi? Dayodi moja ya bluu, kile kifaa kidogo kinachotoa mwali, hutoa takriban wati 5 au 6. Zinazotangazwa kuwa na wati 10, 20 au 40 za mwanga huunganisha miali ya dayodi kadhaa. Wati 10 halisi zinakata plaiwudi ya milimita 3 bila taabu. Anayekuahidi milimita 10 kwa mashine hiyo anazungumzia mbao laini, kupitisha mwali mara nyingi palepale na kingo zilizoungua.

Hata hivyo wati hazisemi kila kitu, maana kila leza ina vitu inavyovikata na vitu inavyovipita tu. Leza ya dayodi ya bluu, yenye wimbi la nanomita 450 hivi, hupenya akriliki angavu kama mwanga wa dirishani, na haiikati hata ukiongeza nguvu. Akriliki nyeusi inakatika. Leza ya kabonidioksidi, yenye wimbi la nanomita 10,600, hukata akriliki angavu vizuri sana na huchora kioo, lakini chuma kitupu huirudisha. Leza ya faiba ya nanomita 1,064 huchora chuma, na kwa mbao haifai. Kwa hiyo amua kwanza utafanyia kazi nini, kisha uulize bei. Kwa mbao za kwetu, mninga na mkongo huchoreka vizuri. Mpingo ni mgumu na tayari ni mweusi, kwa hiyo mchoro wake hauonekani mpaka uukwangue au uujaze rangi. Plaiwudi nyingine zina gundi nene au mapengo ndani, na huko leza hukwama wakati juu panaonekana safi. Nunua kipande kidogo ukijaribu kwanza kabla ya kununua shiti nzima.

Rexini nyingi, vinaili za stika na mabango mengi ya plastiki ni PVC. Zaidi ya nusu ya uzito wa PVC ni klorini. Ukiichoma kwa leza inatoa gesi ya hidrojeni kloridi, ambayo ikikutana na unyevu, pamoja na unyevu wa pua na mapafu yako, inakuwa asidi. Kichwa kinauma, kifua kinabana, na ndani ya muda mfupi reli na skrubu za mashine zinashika kutu. Feni haitatui hili. Feni inaihamishia gesi kwa jirani. PVC haikatwi kwa leza, basi. Kama hujui plastiki uliyonayo ni ipi, mafundi wana jaribio la zamani: pasha waya wa shaba mpaka uwe mwekundu, ugusishe kwenye plastiki, kisha urudishe waya kwenye moto. Moto ukigeuka kijani, hapo kuna klorini au ndugu zake. Fanya nje, kipande kidogo, upepo ukiwa nyuma yako. ABS, plastiki ngumu ya makasha ya vifaa vya umeme, nayo iache, kwa sababu moshi wake una sianidi ya hidrojeni. MDF, ubao wa nyuzi za mbao zilizogandishwa kwa gundi, inakatika, lakini gundi yake hutoa fomaldehaidi, ambayo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka kundi la kwanza la visababishi. Anayekata MDF anahitaji bomba la moshi linalotoka nje ya nyumba, si dirisha lililo wazi.

Kuhusu macho, naomba nisikilizwe. Miwani ya jua haikingi leza. Miwani ya kuchomelea si mbadala. Na miwani ya leza ya rafiki yako haikufai mpaka usome namba zake, kwa sababu kila miwani hukinga urefu fulani wa wimbi tu. Miwani ya wimbi la 10,600 inaweza kuwa plastiki angavu kabisa, na mwali wa bluu ukapita humo bila kizuizi. Tafuta mahali palipoandikwa nanomita zinazokingwa na namba ya OD. OD 4 hupunguza mwali mara 10,000, yaani wati 10 zinabaki miliwati 1. Miwani isiyo na namba hizo ni ya mapambo. Leza ya faiba ni mbaya zaidi kwa sababu haionekani: jicho halipepesi, na mwali unafika hadi kwenye retina, nyuma ya jicho. Ile ya kabonidioksidi huishia juu ya jicho na kuunguza konea.

Moto nitausema kwa ufupi kwa sababu kila mtu anajua mbao zinaungua. Usiiache mashine ikifanya kazi peke yake, hata dakika moja. Pampu ya hewa inayopuliza penye mkato si ya hiari. Akriliki huungua kwa ulimi mdogo wa moto usio na kelele, na ukigeuka tu umechelewa. Weka karibu kizimamoto cha kabonidioksidi. Cha unga kinazima pia, lakini unga utaharibu lenzi na vioo.

Wanaotaka leza ya kabonidioksidi na wanaishi pwani wana mambo mawili ya ziada. Mrija wake wa kioo hupozwa kwa maji, na maji hayo hutakiwa yabaki karibu na nyuzi 20 hadi 25. Dar es Salaam, Tanga na Unguja, kuanzia Novemba hadi Machi joto la mchana hupita nyuzi 30, na ndoo ya maji yenye pampu haitoshi. Wengine hutia barafu. Barafu ikizidi, unyevu wa hewa ya pwani hugeuka matone juu ya mrija wenye umeme wa zaidi ya volti 15,000, na hilo ni kosa kubwa kuliko joto lenyewe. Tumia maji yaliyosafishwa, kamwe si ya kisima, kwa sababu chumvi hupitisha umeme. Na ethi (waya wa umeme unaokwenda ardhini) lazima iwepo na ifanye kazi. Adapta inayoondoa pini ya ethi ili plagi iingie ukutani haifai hapa. Mwite fundi umeme aipime. Thibitisha pia mashine ni ya volti 220 hadi 240, kwa kuwa zipo zinazotengenezwa kwa soko la Marekani.

Tuje kwenye forodha, ambako ndiko malalamiko mengi yanakozaliwa. Mashine inayokata kwa leza inaingia kwenye kijifungu cha 8456.11 cha mfumo wa kimataifa wa utambuzi wa bidhaa. Si kifaa cha kuchezea na si printa. Kuagiza kwa matumizi binafsi hakukuondolei wajibu wa kutoa tamko. Utahitaji namba ya mlipakodi, ankara halisi, orodha ya vilivyomo, hati ya usafirishaji, hati za ubora zinazodaiwa na mamlaka ya viwango, na wakala wa forodha mwenye leseni. Thamani inayotozwa ni bei pamoja na nauli ya meli na bima: mashine ya dola 400 yenye nauli na bima ya dola 100 ina thamani ya forodha ya dola 500, si 400. Kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18 kwa Tanzania Bara, hukokotolewa baada ya kujumlisha ushuru kama upo. Tamko linatakiwa liwasilishwe ndani ya siku 21 tangu mzigo uanze kushushwa.

Wapo wanaoshauriana kuiagiza mashine vipande vipande, fremu boksi moja na kichwa cha leza boksi jingine, wakidhani itaitwa vipuri. Kanuni ya 2(a) ya tafsiri ya mfumo huo inasema bidhaa iliyofunguliwa, ikiletwa pamoja, huhesabiwa kama bidhaa kamili. Wapo pia wanaomwomba muuzaji aandike "zawadi" au bei ya dola 30. Kifungu cha 203 cha Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 kinasema anayetoa tamko la uongo anastahili, akipatikana na hatia, kifungo kisichozidi miaka 3 au faini isiyozidi dola 10,000 za Marekani. Kusema muuzaji ndiye aliyeandika hakukusaidii, kwa sababu tamko ni lako.

Ukianza kuuza kazi zako na kuajiri hata kijana mmoja wa kukusaidia, chumba chako kimekuwa mahali pa kazi chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na kinatakiwa kusajiliwa. Mteja akikuletea kazi ya kuchonga mhuri wa mpira wa ofisi ya umma, shule au mahakama, dai barua ya ofisi hiyo na uthibitishe kwa kuipigia simu wewe mwenyewe. Kutengeneza mhuri wa serikali bila idhini ni jinai, na aliyeshika mashine huwa wa kwanza kuhojiwa.

Usiporidhika na uamuzi wa forodha kuhusu mzigo wako, usigombane na mlinzi wa ghala. Andika kwa Kamishna wa forodha ndani ya siku 30 tangu uamuzi ulipotolewa, ukieleza sababu za kupinga. Kamishna anatakiwa kukujibu ndani ya siku 30, na usiporidhika tena unaweza kukata rufaa kwenye vyombo vya rufani za kodi ndani ya siku 45. Ambatisha ankara, uthibitisho wa malipo ya benki au simu, ukurasa wa tangazo uliochapishwa, na picha ya kibandiko cha mashine inayosomeka daraja, nanomita na wati. Malalamiko yasiyo na picha ya kibandiko hurudishwa kwa mlalamikaji, na siku zinaendelea kuhesabika.