"Alikubali mwenyewe" si utetezi

Nikiulizwa tena kuhusu mwathiriwa wa usafirishaji haramu wa watu, "lakini wakili, si alikubali mwenyewe?" nitaanza kutoza ada. Juzi ni mzee wa mtaa hapa Nyalenda, Kisumu. Kabla yake ni afisa wa polisi aliyekuwa akichukua maelezo ya msichana. Aliposikia tu kwamba binti alipanda matatu bila kulazimishwa, akaweka kalamu chini.

Sheria ya Kenya ya Kukabiliana na Usafirishaji Haramu wa Watu ya mwaka 2010 haijali nani alipanda kwa hiari. Inataka kujua aliambiwa nini kabla ya kupanda. Umeahidiwa kazi ya duka Nairobi, umefika, simu na kitambulisho vimechukuliwa, unaambiwa ufanye kazi bure mpaka nauli iishe kulipwa: ile "ndiyo" yako haina uzito kortini. Akiwa mtoto, hata udanganyifu si lazima uthibitishwe. Kumchukua ili atumikishwe kunatosha. "Lakini mama yake alipewa pesa, akashukuru!" Basi mama naye ana maswali ya kujibu, dalali aliyemchukua mtoto haponi kwa hilo.

Wala si lazima mpaka wa nchi uvukwe. Siaya hadi Kisumu inatosha. Aliyevushwa mpaka wa Uganda pale Busia naye hashtakiwi kwa kukosa vibali ikiwa ni mwathiriwa. Tuendelee.

Halafu kuna wanaotaka sheria "iongezwe makali". Jamani, adhabu ya chini tayari ni kifungo cha miaka 30 au faini ya shilingi milioni 30, au vyote viwili, ukirudia, maisha. Mnataka miaka mia? Mimi ningeanza kwa kuondoa faini kama mbadala wa kifungo, hasa waathiriwa wanapouzwa kwa ngono, maana mwenye biashara hiyo pesa anazo. Kisha ningeijaza hazina ya waathiriwa iliyomo kwenye sheria hiyohiyo. Kesi hizi hufia kwenye kuahirishwa. Shahidi anatoka Migori kwa nauli ya kukopa, anaambiwa arudi mwezi ujao. Safari nyingine simu yake haipatikani. Ule ujumbe wa M-Pesa wa nauli aliyotumiwa na dalali wakati ule, wenye jina la mtumaji, tarehe na saa, umepotea na simu, na hakuna aliyeunakili kwenye faili. Ujumbe huo ungemfunga mtu kuliko hotuba yangu yote.

Kinachonisumbua ni shangazi. Amemchukua mpwa kijijini kwa ahadi ya shule, na shule hakuna; mtoto anaosha vyombo na kulea watoto wenzake toka alfajiri. Kwa maandishi ya sheria, huyo anaweza kushtakiwa kama dalali yeyote. Miaka 30? Mahakimu husita, na waendesha mashtaka, wakijua hivyo, hukimbilia shtaka jepesi la kumtesa mtoto. Ninapaswa kupinga kila mara. Sijapinga kila mara, na afisa wa watoto ninayefanya naye kazi bado tunabishana juu ya hilo.